Msusi Alipouza Hatifungani Yake

Walikutana kwenye foleni ya kununua hatifungani, na lau wangepishana tu siku ile, wangejiepusha na maudhi mengi. Msusi, gauni la njano limemkaa barabara, vidole vinanukia mafuta ya nywele, alikuwa amesimama saa nzima. Karani wa dalali wa soko la hisa, shati jeupe na tai iliyopinda, alipita akigawa fomu.

"Kaka, hii foleni inaenda au imelala?"

"Ingeenda, dada. Tatizo ni wewe, kila mtu kageuka kukutazama."

Msusi alisonya, kisha akacheka.

Alinunua hatifungani ya miaka miwili, yaani aliikopesha serikali pesa yake. Riba ingelipwa kila baada ya miezi sita, na ikikomaa angerudishiwa pesa yake yote afungue saluni, aachane na kusukia watu kwenye kibaraza cha shangazi yake. Kufikia mwezi wa tatu karani alikuwa akimwita "mpenzi", naye akimwita "Bwana Fomu".

Kisha riba ikapanda. Serikali ikatoa hatifungani mpya zinazolipa zaidi, na zile za zamani zikashuka bei, maana nani atataka riba ndogo wakati kubwa ipo? Msusi aliiona bei kwenye simu. Akampigia karani mara tisa. Kimya. Ofisini kwao simu zote hufungiwa kabatini mpaka soko lifungwe, na karani hakuwahi kumwambia, eti alidhani anajua. Mtu mzima na akili zake!

Kwa hasira, msusi akatuma agizo la kuuza. Likaangukia meza ya karani yule yule. Aliliona jina, akaduwaa, akauza kwa hasara.

Jioni karani akapiga simu.

"Uliona jina langu, ukauza?"

"Mpenzi, ni agizo la mteja. Siruhusiwi kulizuia."

"Kumbe mimi ni mteja!"

"Lakini ungesubiri ikomae ungelipwa yote! Bei ikishuka njiani, anayeumia ni anayeuza."

"Ndiyo unaniambia leo?"

Msusi akakata simu.

Sehemu ya saluni yake ilikuwa imeyeyuka, na aliyemwamini ndiye aliyebonyeza kitufe cha kuuza. Wiki mbili msusi alivuta nywele za watu mpaka machozi yakawatoka. Karani naye alijaza fomu ovyo, akafokewa na bosi. Wote wawili walishika simu, wakaiweka. Inakera hata kusimulia.

Mwishowe karani alifika kibarazani, tai mfukoni. Msusi alikuwa akimsuka mama mmoja, mteja wake, na hakuinua macho kutoka kwenye kichwa chake.

"Nimeomba akaunti yako apewe karani mwingine," karani alisema.

"Umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kukuposa. Nilikuona unaumia nikakaa kimya kwa sababu ya kazi. Siwezi tena kuwa karani wako. Nataka niwe mume wako."

Mikono ya msusi ilisimama.

"Mjibu basi, mwanangu," mama alilalamika. "Shingo inaniuma."

"Nakupenda, Bwana Fomu," msusi alisema. "Ila bado nina hasira, na nikiwa na hasira siamui kitu tena. Nimeshaumia. Rudi Jumamosi."

Alirudi Ijumaa.