Macho ya Kitunzamoto

Kwanza feni ilipuliza hewa kwa sekunde thelathini, kuondoa gesi yoyote iliyobaki tumboni mwa Tanuri la Tatu. Kisha cheche zikalia, kimoto kidogo cha kuwashia kikachomoza, na pale juu kisanduku cha kijivu, kisichozidi ukubwa wa tofali, kikakitazama kwa jicho lake la kioo. Kikaridhika. Kikafungua bomba kubwa la gesi, na moto wa buluu ukanguruma. Hakuna mtu aliyegusa kitu.

Kisanduku hicho kiliitwa kitunzamoto, na Morogoro nzima ilijivunia kuwa navyo. Vifaa vya zamani vya kuongoza vichomeo vilijua jambo moja tu: moto upo au haupo. Kitunzamoto kilijua tabia ya moto, rangi yake, utulivu wake, hata dalili kwamba baada ya dakika tano utaanza kununa. Kiwanda hicho cha matanuri kilioka vigae vya kukinga joto vya vyombo vya anga, na kigae kilichookwa na moto mbaya huweza kupasuka chombo kinaporudi duniani. Ndiyo maana walichagua kifaa chenye akili.

Shida ni kwamba kitunzamoto cha kichomeo Namba Kumi na Saba cha tanuri hilo, pamoja na akili zake zote, kilikuwa kinazima moto kila siku saa kumi na dakika ishirini jioni. Kiliwasha taa nyekundu na kujifunga kama duka la mtu aliyesusa.

Injinia Zamoyoni Mkude, mkaguzi wa moto wa kiwanda, hakuwa na haki ya kulipuuza jambo hilo. Siku hiyo ya Alhamisi alitakiwa atie saini karatasi ya kuchagua vitunzamoto vya Tanuri la Nne, ambalo lingewashwa Jumamosi. Arobaini vipya vya aina ileile vilikuwa tayari, na Meneja Ndunguru alikuwa ameidai saini hiyo tangu Jumatatu. Lakini Zamoyoni alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua, na ugonjwa huo haujali meneja anataka nini.

Alikuwa ameanza na mambo ya kawaida. Shinikizo la gesi lilikuwa sawa. Nyaya zilikuwa nzima. Kioo alikifuta mwenyewe kwa kitambaa laini. Halafu akabadilisha visanduku: cha Kumi na Saba akakifunga Kumi na Sita, cha Kumi na Sita akakileta huku. Ugonjwa ukahama na kisanduku. Basi si gesi, si waya, si kichomeo. Alipokipeleka stoo na kukijaribu juu ya kichomeo kidogo, kiliwasha moto mara mia mbili bila kulalamika. Mafundi wakasema kina jini. Zamoyoni hakuwa na ugomvi na majini, ila alikuwa bado hajakutana na jini linalotazama saa.

Kwa hiyo Alhamisi hiyo alikirudisha mahali pake, na ilipofika saa kumi na robo akasimama mbele yake, mikono nyuma. Jua liliingia kwa dirisha la juu la magharibi, likateremka ukutani polepole, likatua juu ya kioo. Taa nyekundu ikawaka. Zamoyoni akang'oa kifuniko cha boksi la karatasi lililokuwa karibu, akakinga jua na kuwasha upya. Moto ukakaa. Akaondoa kifuniko, ukazimwa. Alirudia mara tatu, mara mbili za mwisho kwa raha yake tu, kisha akakiegemeza kifuniko hapo ili moto ukae.

Lakini kitunzamoto cha Kumi na Sita kilipigwa na jua hilohilo na hakikujali. Vyote viwili vilitoka kwa watengenezaji walewale na kioo chavyo kilikuwa cha aina moja. Alifungua kumbukumbu kwenye kibao chake cha kompyuta, akakuta tofauti moja: siku ya kufundishwa. Vile kumi na sita vilifundishwa miaka mitano iliyopita. Cha kumi na saba kiliongezwa mwaka jana.

Maana kitunzamoto hakizaliwi na akili. Hufundishwa. Mwalimu huchungulia dirisha dogo la tanuri, na kitunzamoto huchungulia pamoja naye. Moto ukiwa mzuri mwalimu hubonyeza kitufe cha kijani, ukiwa mbaya au haupo hubonyeza chekundu, maelfu kwa maelfu ya mara, miezi mingi, mpaka kifaa kiwe kinaona kama yeye. Na vyote vilivyokuwa vinafanya kazi, pamoja na vile arobaini vipya, vilikuwa na mwalimu mmoja, Fundi Sengo. Zamoyoni akamwendea karakana.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Injinia. Leo viatu vyako vinalia kama vya askari." Alitabasamu vizuri, ila tabasamu lilielekea pembeni kidogo ya bega la Zamoyoni.

"Nisaidie kidogo. Nataka uniambie moto wa Kumi na Saba ukoje."

Walirudi tanurini. Sengo alisogeza uso dirishani, akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza maongezi ya jirani nyuma ya ukuta.

"Upo. Umetulia. Buluu safi."

Ilikuwa kweli. Zamoyoni akanyoosha mkono, akafunga gesi ya Kumi na Saba taratibu. Kumi na Sita ikaendelea kunguruma. Ndani ya dirisha yalibaki matofali mekundu kwa joto, bila moto.

"Na sasa?"

"Upo bado. Umepungua kidogo, lakini upo."

"Fundi, nimeuzima."

Sengo hakuondoa uso dirishani. Akauliza, "Umejua lini?"

"Sasa hivi. Na wewe?"

"Huu mwaka wa pili. Ilianza na jioni tu, jua likiingia. Naona ukungu mweupe, sioni moto, nabonyeza nyekundu. Nikaona nitagundulika. Nikaanza kutumia masikio."

Zamoyoni akaanza kuyaunganisha pale mbele ya tanuri. Kumi na Saba kilirithi ukungu wa mwalimu wake, na kosa lake lilikuwa la heri: kilizima moto usiostahili kuzimwa. Lakini vile arobaini vilifundishwa na masikio. Vilikuwa vimeambiwa mara elfu kwamba wekundu wa matofali ni moto. Siku kichomeo kikizimika, vingeapa kwamba kinawaka na kuiacha gesi iingie, ijae, mpaka ikutane na cheche. Na kuzunguka tanuri hilo kungekuwa na watu sitini.

"Ni mtoto wa jicho," alisema. "Siku hizi wanamtoa kwa dakika kumi. Kwa nini hukwenda?"

"Wanamtoa, wanakuwekea kioo. Soma mkataba. Mwalimu wa moto lazima awe na macho yake ya kuzaliwa. Miaka kumi na moja, Injinia, mji huu unanijua kwa macho yangu. Nirudi nyumbani niseme mimi sasa ni nani?"

Zamoyoni alimhurumia, akamkasirikia pia.

"Kabla yako alikuwa nani?"

"Bwana Kobelo. Na kabla yake Bi Tatu Mloka. Sijui walipoishia."

Kibao kilijua. Kobelo: aliacha kazi, afya ya macho. Tatu Mloka: aliacha kazi, afya ya macho. Kila mmoja alilala kwenye faili lake, na hakuna aliyewahi kuwaweka bega kwa bega. Joto la lile dirisha dogo liliwapika macho taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Meneja Ndunguru alimsikiliza mpaka mwisho, akasugua kipaji cha uso. "Basi vile arobaini tuvitupe, tutafute mwalimu mwingine. Mtu mwenye macho mapya."

"Huyo atakuwa wa nne, bosi."

"Sasa unachagua nini?"

"Kile cha kizamani. Jicho lake linasoma mionzi ya urujuanimno, ambayo moto unayo na matofali mekundu hayana, na lina kope ya chuma inayofumba kila sekunde kumi, kifaa kijipime kama bado kinalijua giza. Moto upo, au haupo. Basi."

"Kile kijinga?"

"Kijinga kabisa. Vigae vibovu vitaongezeka na tutalaumiwa. Lakini hakijifunzi kwa macho ya mtu."

Ndunguru akamsogezea karatasi ya kuchagua. "Andika," alisema. "Na Sengo asaini pia. Yeye ndiye mwalimu wa vile tunavyovikataa."

Kwa mambo ya moto kiwanda kilitaka saini ya wino. Zamoyoni alimkuta Sengo karakana, ameketi kati ya visanduku vyake arobaini, jua la jioni usoni.

"Umenifukuza kazi, Injinia."

"Ndiyo, Fundi." Hakuwa na namna nyingine ya kulisema. "Kesho asubuhi nitakupitia nyumbani, twende hospitali."

Sengo alinyoosha mkono, akapokea kalamu.

"Nikusomee?"

"Najua kilichoandikwa. Nionyeshe mahali."

Zamoyoni akamwekea kidole chini ya mstari. Sengo akasaini haraka, kwa mkono wa mtu aliyekwisha kuidhinisha mamia ya vitunzamoto. Nusu ya jina ilikaa kwenye karatasi, nusu nyingine ikaenda juu ya mbao za meza.

"Imekaa sawa?"

Zamoyoni aliitazama ile meza.

"Imekaa sawa, Fundi," alisema, akaikunja karatasi.