Joto la Mwezi Nyuma ya Mawingu

Mama ni fundi wa madishi ya televisheni. Jioni, akishatoka kazini, yeye na binti yake huwafundisha wanawake wa mtaa elimu ya anga katika chumba cha nyuma cha ukumbi. Mwenyekiti wa ukumbi anaitwa Mzee Najua, kwa sababu hajawahi kusema hajui. Siku moja alisikia wakifundisha kwamba mwezi hutoa mawimbi ya joto.

"Mwezi ni baridi!" alifoka. "Nionyesheni hilo joto Jumamosi. Mkishindwa, chumba nakifanya stoo."

"Tutakuonyesha," binti alijibu papo hapo. Mama alimkanyaga mguu, lakini maneno yalishatoka.

Waliweka dishi kuukuu kando ya ukuta wa ukumbi, wakaliunganisha na kipimo cha mawimbi chenye mshale. Walipolielekeza mwezini, mshale ulipanda. Walipolielekeza pembeni, ukabaki juu vilevile! Binti alitaka kulia kwa hasira.

Jirani yao, mwanamke mtafiti wa anga, alipita akacheka. "Shoga, mnapima ukuta."

"Ukuta tena?" mama aliuliza.

"Kila chenye joto hutoa mawimbi haya. Ukuta umepigwa na jua kutwa, na dishi limebanana nao. Lipelekeni katikati ya uwanja. Anga tupu ni baridi, kwa hiyo mwezi ukipita mtauona kwenye mshale."

"Shangazi, joto hilo liko juu ya mwezi?" binti aliuliza.

"Hata chini ya vumbi lake. Jivu la jikoni si hupoa juu, ndani bado moto? Macho huona juu tu. Mawimbi haya hutupa habari za ndani."

Jumamosi alasiri, mwezi ukiwa tayari angani, watu walijaa uwanjani. Mama alielekeza dishi mbele kidogo ya mwezi, mahali utakapopita. Mara mawingu yakafunika anga.

"Mwezi wenu umekimbia!" Mzee Najua alicheka.

"Haujaenda popote," binti alisema. "Mawingu yanazuia macho yako, Mzee. Dishi hayalizuii."

Wote walikikodolea macho kipimo. Mshale ulitulia chini. Kisha ukapanda polepole, ukafika juu, ukashuka.

"Rudieni!" Mzee Najua aliamuru.

Mama alisogeza dishi mbele tena. Mshale ukapanda tena.

"Rudieni tena!"

Ukapanda. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Najua akampa mama ufunguo wa chumba.

"Kesho tunaendelea," binti alisema. "Na wewe uje, Mzee. Nafasi ya mbele ipo."