Jina Lililofutika kwenye Linux ya Crispin

Haya yalimpata rafiki yangu Tumpe, mwalimu wa kompyuta kule Bombambili. Mwalimu mwenzake Crispin alipofariki, Tumpe alichukua masomo yote aliyoyaandika marehemu, akaweka jina lake mwenyewe hata ndani ya kompyuta ya marehemu, na watu wakamsifu.

Jumamosi moja mchana, mjane Imaculata akamwita nyumbani Ruhuwiko.

"Mwalimu, picha za harusi yetu zimo kwenye ile Linux, ule mfumo wa pili wa kompyuta alioweka mume wangu ndani ya Windows. Nikiifungua naona maandishi tu kwenye weusi. Nisaidie."

Tumpe alijua sababu. Yeye ndiye aliyeondoa madirisha ya ile Linux, ile sehemu inayoonyesha picha na mafaili, mjane asije akaona jina lililobadilishwa. Kwa aibu akayarudisha, akaiwasha upya.

Mvua ilikuwa ikipiga bati, umeme ukakatika, chumba kikawa giza. Kompyuta ikaendelea kwa betri. Madirisha yakatokea, na somo la kwanza likafunguka lenyewe, juu yake jina: Tumpe.

"Hii si kazi ya mume wangu?" Imaculata akauliza taratibu.

Tumpe akainamisha uso, mikono mapajani. Ndipo wakasikia tak, tak, tak. Jina lilikuwa likifutika herufi moja moja, na kitufe cha kufuta kilikuwa kikibonyea chenyewe.