Sifongo Chafu Katika Nyumba ya Dobi

Maji yakimwagika huzoleka. Anayesema hayazoleki hajawahi kuishi katika nyumba ya dobi. Kwetu maji yaliyosuuza mashuka yalifua matambara, yaliyofua matambara yakasugua sakafu, na yaliyosugua sakafu yakaishia chooni. Mama alikuwa dobi, na shangazi, dada yake baba, ndiye aliyemfundisha kazi. Kila alfajiri kabla ya shule nilijaza mapipa matatu uani, kisha nikakunja nguo zilizopigwa pasi jana yake. Kuzipanga rafuni ilikuwa kazi ya mdogo wangu mwenye miaka kumi. Tulimwita Dakika, kwa kuwa ukimtuma jambo lolote alijibu, "Dakika moja."

Samaki wake tu ndio hawakusubiri. Walikuwa sita, wa rangi ya chungwa, kila mmoja mdogo kama kidole gumba, katika tangi la kioo kwenye chumba cha mbele, karibu na meza ya pasi. Juu ya tangi kulikuwa na kisanduku cha plastiki chenye kichujio. Pampu ndogo ilipandisha maji hadi kisandukuni, nayo yakateremka kupitia tabaka tatu kabla ya kurudi kwa samaki: sifongo, kisha pamba, kisha vigae vidogo vya udongo wa kuchomwa.

Jumamosi moja shangazi alikuja kumsaidia mama kumaliza mashuka ya nyumba ya wageni. Alifunua kisanduku kwa ncha ya kidole, akakunja uso.

"Sifongo hii ina rangi gani?"

"Ilikuwa ya njano, shangazi."

"Ilikuwa. Na mteja akiona utelezi huu wa kahawia, atatuachia shuka lake jeupe?"

Niliona haya. Mama alikuwa uani akianika, na Dakika alikuwa ameenda kucheza mpira. Nilitoa kila kitu kisandukuni nikakifua kwa maji ya moto, sabuni, brashi ya kola na dawa ya kung'arishia nguo. Nilisuuza mara saba, hadi pasiwe na povu wala harufu. Dobi hafundishwi kusuuza.

Nilipovirudisha nilivipanga upya. Pamba niliiweka juu kabisa, kwa sababu ilipendeza kama shuka lililokunjwa. Vigae vikakaa katikati, na sifongo nikaificha chini. Mwisho nikaongeza konzi ya mkaa kutoka kwenye gunia la mkaa wa pasi, maana nilisikia mkaa huondoa harufu.

"Sasa hii ni nyumba ya dobi," alisema shangazi.

Nilitembea kifua mbele siku mbili nzima.

Jumatatu niliporudi kutoka shule, nilimkuta Dakika amesimama mbele ya tangi na mkoba bado mgongoni. Pamba ilikuwa imeziba, na maji yalichuruzika kando ya kisanduku badala ya kupita ndani. Samaki watano walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakitweta. Wa sita alilala ubavu chini kabisa, amekufa.

Mama aliingia na beseni kiunoni. "Mmewafanya nini hawa?"

Nilijua ni nani aliyegusa nini. "Labda Dakika amewalisha mno," nilisema. "Anamwaga chakula kama anapanda mahindi."

"Nimewapa chembe zile zile za kila siku," alisema Dakika. "Dada, si ulikuwepo asubuhi?"

"Sikuangalia."

Mama hakupaza sauti. "Kiumbe si mwanasesere. Chukua ndoo. Wanarudi leo hii kwa aliyekupa, kabla hawajaisha. Dada yako atakusindikiza."

Aliyempa ni muuza samaki wa mapambo wa mtaa wa pili, mzee ambaye watoto wote walimwita Mapezi. Njiani Dakika alibeba ndoo kwa mikono miwili, akakataa nimsaidie.

"Ulikuwepo," alisema mara moja tu. Niliongeza mwendo.

Duka la Mapezi lilikuwa chumba chembamba chenye matangi ukutani pande zote. Aliwachota samaki kwa wavu, akawaweka kwenye tangi lenye mapovu mengi.

"Umebadilisha chakula?" alimuuliza Dakika.

"Hapana."

"Basi sielewi. Lakini kulea si mchezo, bwana mdogo. Ukikua utajaribu tena."

Dakika aliitikia kwa kichwa, akaokota ndoo tupu. Ningenyamaza, mambo yangeishia pale. Samaki wangebaki dukani, na mdogo wangu angebaki na jina la mtu aliyewadhuru. Alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

"Ni mimi," nilisema. "Nilifua kichujio."

Mapezi alinigeukia. "Umekifanya nini?"

"Nimekifua. Kwa sabuni na maji ya moto. Lakini nilisuuza mara saba, haikubaki hata harufu."

"Sawasawa. Ungekuwa mvivu wangekuwa wazima." Alivuta kigoda akakaa. "Sikiliza, binti. Samaki hana choo cha uani. Anakojoa mle mle anamokula, na uchafu ule ni sumu. Kwenye sifongo na vigae huishi bakteria wanaoigeuza sumu hiyo ili isimdhuru. Utelezi ule uliouonea haya ndio makazi yao. Wewe umewamaliza wafanyakazi wote kwa siku moja. Na ulivipangaje?"

Nilimweleza.

"Pamba juu? Yenye matundu makubwa hutangulia. Sifongo inakamata takataka, pamba inakamata vumbi, vigae vinakaa mwisho ili vipate maji yaliyokwisha kuchujwa, bakteria wasizibwe. Hukupanga kichujio wewe, ulitandika kitanda."

"Na mkaa?"

"Mkaa wa pasi ni wa pasi. Utoe."

Alikata nusu ya sifongo ya tangi lake mwenyewe, nyeusi kama tako la sufuria, akaitia kwenye mfuko wenye maji. Kisha akawarudisha samaki ndooni. "Pampu isukume polepole. Wapunguzieni chakula wiki hii, na kila siku badilisheni theluthi ya maji. Sifongo hii isikauke. Ikikauka ni kazi bure. Kimbia."

Nilikimbia. Mfuko ulitoboka njiani, na nilipofika mlangoni ulikuwa unadondosha matone ya mwisho. Sikuzunguka uani. Nilipita katikati ya chumba cha mbele, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua kanzu zake nyeupe, nikaitua sifongo juu ya meza ya pasi nikaimwagia maji ya tangi. Mteja aliziba pua. Shangazi, aliyekuja tena kumsaidia mama, aliduwaa na kanzu mkononi.

"Hiyo ni nini?"

"Bakteria, shangazi."

Dakika alipofika na samaki, tulipunguza maji ya tangi, tukajaza ya pipa yaliyotulia tangu alfajiri, tukapanga tabaka upya. Kisha nikamwambia mama yote, mbele ya shangazi, nikamwomba radhi, na Dakika nikamwomba radhi kwa kumsingizia. Hakunitazama. Alikuwa akihesabu samaki. "Usirudie," alisema baadaye.

Tulibadilisha maji kila jioni. Siku ya nne samaki watano waliacha kutweta, wakashuka chini, wakala.

Jioni hiyo tulikuwa tukikunja mashuka, mama upande mmoja nami upande wa pili. "Shuka husafishwa kwa kuua kila kilichomo," alisema. "Maji ya samaki husafishwa kwa kulea kilichomo. Usichokijua, uliza kabla hujakiosha. Na ukikosea, beba kosa lako mwenyewe. Kosa la sifongo lilimuua samaki mmoja. Uongo wako ulikaribia kumnyang'anya mdogo wako watano."

"Ndiyo, mama."

Shangazi aliweka pasi chini. "Hayo yamekwisha. Lakini uchafu ule, juu ya meza ya pasi, mbele ya mteja? Hilo sijaombwa radhi bado."

Mama alikunja ncha ya shuka, akanitazama.

"Shangazi, Dakika nimemwomba radhi," nilisema. "Mama nimemwomba. Meza nimeisugua. Kwa sifongo ile iliyowaokoa samaki siombi."

"Hata nikikuamuru?"

"Hata ukiniamuru, shangazi. Siombi."