Nyamizi na Neno Piga

Kila asubuhi Nyamizi, mama wa Juliana, alitandika vitanda kumi na viwili katika nyumba ya wageni ya Mama Wema, Kalangalala, mjini Geita. Alipiga deki, akafua mashuka. Kazi aliipenda, lakini moyo wake ulikuwa mapokezini. Binti aliyekaa pale alikuwa amekwenda kuolewa Shinyanga.

"Nitamchukua mmoja wenu," Mama Wema aliwaambia wafanyakazi. "Ila ajue kuongea na wageni kwa Kiingereza. Ijumaa nitawasikiliza."

Siku hiyohiyo Nyamizi akajaribu bahati yake. Mgeni mmoja, mhandisi wa mgodini, alikuwa uani anahangaika kujipiga picha kwa simu. Nyamizi alimwendea kwa tabasamu, akanyoosha mkono.

"I beat you picture!"

Mgeni akarudi nyuma hatua mbili. Masudi, mlinzi wa getini, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Juliana, umemwambia unamchapa!"

Jioni Nyamizi alikwenda kwa jirani yake, Mwalimu Sesilia, anayefundisha Kiingereza shule ya msingi. Alimkuta anachambua mchicha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Juliana. Mbona umenuna?"

Nyamizi akaeleza yote. Mwalimu alicheka, kisha akamsogezea kigoda.

"Hujakosea peke yako. Kwetu neno piga lina kazi nyingi. Tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, na hakuna anayeumia. Lakini kwa Kiingereza kila jambo lina kitenzi chake. Picha wao wanaichukua: take a photo. Simu wanaitengeneza: make a call."

"Wanaitengeneza? Kwani imeharibika?"

"Haijaharibika hata kidogo!" Sasa walicheka wote wawili. "Ndiyo maana nakwambia usitafsiri neno mojamoja. Shika fungu zima, kama unavyolishika jina la mtu pamoja na la baba yake. Haya, kutandika kitanda?"

"Do the bed?"

"Make the bed. Kufua nguo ndiyo do the laundry. Na ukikosea, usiogope. Sema, I made a mistake, yaani nimekosea."

Kwa siku nne Nyamizi alifanya kazi huku mdomo unatembea. Akivuta shuka: make the bed. Akisugua nguo: do the laundry. Hata mumewe, Thobias, akaanza kuyaimba maneno hayo anapooga.

Ijumaa ikafika. Mama Wema alijifanya mgeni, akauliza kwa Kiingereza nani atamfulia nguo.

"I will do the laundry, madam."

"And my bed?"

"I will do..." Nyamizi akasita. Akavuta pumzi. "Sorry, I made a mistake. I will make the bed."

Mama Wema akaweka kalamu mezani.

"Wenzako walipokosea walinyamaza. Wewe umejisahihisha mwenyewe. Jumatatu uanze mapokezini."

"Wabeja! Wabeja sana, mama!" Shukrani ilimtoka kwa Kisukuma, lugha ya nyumbani, kabla hajakumbuka nyingine yoyote.

Alipotoka nje alimpigia mama yake, kijijini Samuye.

"Mama, kuanzia Jumatatu nafanya kazi nimekaa kwenye kiti!"

Upande wa pili vikalipuka vigelegele, vya mama kwanza, kisha vya majirani ambao hata hawakujua kumetokea nini.