Mlango Uliorukwa

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, ti, ti, ti, na dada mtu akafumbua macho gizani. Mama yao, fundi cherehani, alikuwa jikoni akikoroga chai polepole asiwaamshe watoto, kumbe ndivyo anavyowaamsha. Pembeni, mdogo wake wa kike alikuwa amelala fofofo, mkono juu ya begi jipya. Siku hiyo walikuwa wanakwenda chuoni pamoja, dada akiingia mwaka wa pili, mdogo akianza wa kwanza. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kulivuka geti la chuo kabla yao.

Wakati wa kuagana mama alimrekebishia dada kola. "Mwenzako usimwache, mwanangu."

"Mama, si ndiyo kazi yangu hiyo?" dada alijibu akicheka.

Na kweli ilikuwa kazi yake. Chuo kile kina mpango wa kuwasaidia wanafunzi wanaotoka nyumba kama hiyo. Waliotangulia huajiriwa kwa posho kidogo wawe viongozi wa wenzao. Huvaa fulana ya kijani, na kila jioni hupita bwenini kugonga milango ya wanafunzi wapya waliokabidhiwa. Hawaulizi kwa simu wala kwa kuchungulia dirishani. Huingia, wakaketi, wakauliza umekula nini, umeelewa nini. Ila kiongozi hapewi ndugu yake, asije akapendelea. Kwa hiyo mdogo mtu alikabidhiwa kwa kijana waliyemwita Mrefu, maana kila mlango aliuingia ameinama.

Dada aliichapa kazi. Wanafunzi wake walimpenda wakamwita Mama Kijani, na jina hilo, tuseme kweli, lilimkaa vizuri. Kila alipomwona mdogo wake ng'ambo ya uwanja alimpungia mkono, akajisemea, huyu yuko na Mrefu, hana shida.

Mrefu naye hakuwa mtu mbaya, wazazi wenzangu. Aliwahi kumbeba mgonjwa mgongoni ngazi zote hadi chini. Lakini akifika kwenye mlango wa binti yule alijisemea, huyu ana dada yake, tena kiongozi; ngoja niwawahi wasio na mtu. Akapita. Jioni iliyofuata akapita tena.

Mnaliona jambo hilo? Watu wawili wenye moyo mzuri, kila mmoja anamwachia mwenzake, na mtoto anaanguka katikati yao bila kishindo.

Siku moja wawili hao walikuwa wanapanga viti vya kikao, Mrefu akauliza kwa wema tu, "Hivi mdogo wako hesabu zinampandaje?"

"Unaniuliza mimi? Si yuko kwako?"

Mrefu akabaki na kiti hewani. "Mimi nilijua unaye wewe."

Dada alipanda ngazi mbiombio. Alikuta kitanda kimetandikwa kama hakijawahi kulaliwa, begi limefungwa, na mdogo wake ameketi juu ya begi hilo, viatu miguuni, mashavu yamemwishia. Hesabu zilimshinda tangu mwanzo. Akaacha kuingia darasani, kisha akaona haya kwenda kula na wale wanaojua kwamba haingii. Sasa alikuwa anasubiri basi la jioni arudi kwa mama.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, dada? Wewe una watu wako."

Dada alikaa sakafuni na fulana yake ya kijani, akamvua mdogo wake viatu, kimoja, halafu cha pili, kama alivyomfanyia alipokuwa mtoto. Mrefu akaja, akainama mlangoni, akaomba radhi bila kujitetea. Alirudi na sahani ya chakula na mwenzao mmoja mwenye kuzijua hesabu. Basi likaondoka bila abiria wake.

Hapo ndipo ninapostaajabu mpaka leo. Hakikuletwa kitu kikubwa chumbani mle. Watu waliketi chini tu, wakipokezana kalamu. Lakini binti, tonge likiwa bado mkononi, alilitazama swali la kutafuta eneo la umbo, akaliona kama kitambaa mezani kwa mama yake kabla ya mkasi, akalikata vipande kwa kalamu, na jibu likatoka. Akacheka kwa sauti. Dada alimkodolea macho kama mtu aliyeshuhudia mtoto akizaliwa.

Funzo

Nanyi vijana wangu, mkipewa kazi ya kuwaangalia wenzenu, msiruke mlango kwa kudhani aliyemo ana mtu wake. Gonga. Ukimkuta na watu tele, hujapoteza kitu. Ukimkuta peke yake, huenda umemrudisha njiani. Na ndugu yako, hata asipokuwa kwenye zamu yako, yuko mikononi mwako. Kumpungia mkono kwa mbali hakutoshi.

Dada alilielewa hilo jioni ileile. Aliposimama kuondoka, mdogo wake alimshika pindo la fulana.

"Dada, na kesho utakuja?"