Sekunde Kumi na Moja za Dokta Mwasumbi

Vidole vya Gwakisa vilikuwa vikifanya kazi ambayo Gwakisa mwenyewe hakuijua. Vilichukua kisu, vikakigeuza mara moja kukipima uzito, vikachora mstari wa sentimita nne juu ya tumbo la ngozi bandia, kisha vikaanza kutenganisha tabaka moja baada ya jingine kwa utulivu wa mtu aliyefanya hivyo mara elfu kumi. Na kweli, mwenye utulivu huo alikuwa amefanya hivyo mara elfu kumi. Alikuwa pia amekufa, miaka miwili iliyopita.

Hiyo ndiyo ilikuwa glavu-rithi. Ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na ndani yake mlipita nyuzi elfu tatu zilizohifadhi mwendo wa mikono ya Dokta Anyosisye Mwasumbi, bingwa wa upasuaji. Mwanafunzi akiivaa, nyuzi humvuta na kumlegeza vidole mpaka mwendo wa mzee umwingie kwenye misuli. Kazi iliyokuwa ikifundishwa kwa miaka sita sasa ilifundishwa kwa miezi kumi na minane. Vyuo kumi na kimoja, kutoka Songea hadi Bukoba, vilifundisha kwa mikono hiyo hiyo ya mtu mmoja. Mbeya, ambayo zamani ilisifika kwa viazi na baridi, sasa ilisifika kwa glavu na baridi.

Aliyezibuni alikuwa Injinia Subilaga wa Chuo cha Tiba cha Mbeya Juu, mtoto pekee wa Dokta Mwasumbi. Watu walipenda kusema alizibuni kwa mapenzi ya baba yake. Hakuwakatalia, lakini haikuwa hivyo. Kamati ilitaka mikono bora nchini, na mikono bora nchini ilikuwa ya mzee huyo, basi.

Kwa miezi minne, mzee akikaribia kustaafu, Subilaga alimvisha glavu za kurekodia kila asubuhi mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kisha akabaki nje. Sheria ya siri za wagonjwa ilikataza kamera, hivyo kilichonaswa ni mwendo wa mikono peke yake. Miezi minne hiyo ndiyo iliyokuwa mirefu kuliko yote aliyopata kuwa karibu na baba yake, na maneno yao yote yalihusu vidole.

"Gumba linabana?"

"Kidogo."

"Na sasa?"

"Sasa sawa."

Siku ya mwisho mzee alimwuliza kama amekula. Alijibu ameshakula, akakusanya nyaya zake akaondoka. Hakuwa amekula.

Subilaga alikuwa amekua bila kumwona baba yake. Alfajiri baba alishaondoka, na alipokuwa akirudi, mtoto alishalala. Darasa la pili walipoambiwa wachore familia zao, Subilaga alimchora mama, akajichora yeye mwenyewe, na pembeni akachora koti limetundikwa mlangoni. Mwalimu alicheka. Mama, alipoonyeshwa picha, hakucheka.

Sasa kulikuwa na tatizo dogo katika glavu hizo. Kabla ya kugusa kisu, mikono ya mzee iliacha sinia la vifaa, ikashuka hadi mwisho wa meza, ikashika kitu kisichokuwepo, ikakikunja, ikakisukuma chini ya kitu kingine kisichokuwepo, kulia kisha kushoto, halafu ikapigapiga hewa mara mbili. Sekunde kumi na moja. Mwanasesere wa mafunzo aliyelala mezani aliishia mapajani, kwa sababu mafundi waliona mtu wa kupasuliwa tumbo hana haja ya miguu. Wanafunzi walimwita Bwana Nusu. Pale mikono ilipofika kwake palikuwa patupu, nao wakaupa mwendo ule jina la kukunja hewa. Wengine walisema ni uzee wa Dokta, wengine wakaapa kwamba ni dua. Subilaga alikuwa ameuandika kwenye orodha yake ya miendo isiyo na kazi: mwendo mfu, namba saba.

Mtihani wa chuo ulihesabu sekunde, na kamati ilitaka glavu safi. Subilaga alikuwa ameikata miendo mifu yote, akatia sahihi. Glavu mpya zingeanza kazi siku hiyo saa sita mchana katika vyuo vyote kwa mpigo, na mwendo wa zamani ungefutika kila mahali, ili wanafunzi wote wapimwe kwa mikono iliyo sawa.

Saa nne kasoro asubuhi, Gwakisa alibisha mlango wa karakana. Mtihani wake ulikuwa kesho yake, na Bwana Nusu alikuwa amechanika tumbo hadi mgongoni.

"Shikamoo, Injinia. Naomba nikusumbue kidogo."

"Marahaba. Umeshaanza kunisumbua, malizia."

"Meza haiwaki bila uzito wa mwili. Wenzangu nimewaomba walale, wamekimbia wote. Wanasema mimi na kisu hatuaminiki."

"Kisu kitakuwepo?"

"Hapana! Nitashika kalamu."

Subilaga alicheka. Alivua viatu akapanda mezani, na Gwakisa akamfunika shuka la kijani. Chumba kilikuwa na baridi ile ya Juni inayopita ukutani bila kuomba ruhusa. Glavu zikawaka taa ya bluu kwenye kifundo cha mkono, na mikono ya kijana ikaacha sinia, ikashuka hadi mwisho wa meza.

Ikashika ncha ya shuka, ikaikunja mara moja, ikaisukuma chini ya kisigino cha kulia, kisha cha kushoto, ikabana sawasawa. Halafu ikapigapiga miguu mara mbili, polepole.

Miguu ya Subilaga ilikumbuka kabla ya kichwa chake. Kila asubuhi ya utoto wake aliamka akakuta blanketi limebanwa chini ya visigino namna hiyo hiyo, limebanwa mno hata ikabidi alipige mateke ili atoke kitandani. Miaka yote hiyo alijua ni mama.

"Rudia," alisema.

"Nimekosea?"

"Rudia tu, Gwakisa."

Akarudia. Mara ya tatu, machozi yalikuwa yakimtiririka Subilaga hadi masikioni, na kijana alisimama mikono juu kama aliyekamatwa.

"Injinia, nimekuumiza?"

"Hujaniumiza. Mzee hakuwa akikunja hewa. Alikuwa akiwafunika watu miguu."

Alimpigia simu mama yake Tukuyu akiwa bado amekaa mezani.

"Mama, nilipokuwa mdogo, nani alikuwa akinifunika miguu?"

"Shikamoo imekufa siku hizi?"

"Shikamoo, mama. Nani?"

"Marahaba. Si baba yako! Mimi nikishalala ni gogo, ungeganda wewe. Akirudi, hata viatu hajavua, anapitia kwako kwanza. Nilikuwa nagombana naye kwa yale matope."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, mwanangu. Miguu si yako?"

Ofisini kwa Profesa Nzunda, mkuu wa chuo, Subilaga aliingia bila viatu. Profesa alimsikiliza hadi mwisho, maana hakuwa mtu mbaya, kisha akavua miwani.

"Kwa mgonjwa anayevuja damu, sekunde kumi na moja ni nyingi."

"Kwa anayevuja damu hakufanya hivyo. Nimepitia rekodi zote sasa hivi. Kwenye dharura anakwenda kisuni moja kwa moja. Alijua wakati wake."

"Basi hiyo ni adabu, Subilaga, si upasuaji. Adabu tutawafundisha darasani."

"Kipindi gani, Profesa? Kwenye ratiba kiko wapi?"

Profesa alitazama ratiba iliyokuwa ukutani, ingawa aliijua kwa moyo. "Muhuri umeshapigwa. Vyuo kumi na kimoja vinasubiri. Na sahihi iliyoukata mwendo huo ni yako, binti yangu."

"Nilikuwa sijui."

"Hata mimi nilikuwa sijui. Lakini maji yakimwagika hayazoleki."

Aliporudi karakana ilikuwa imebaki saa moja na robo. Gwakisa alikuwa akimngoja, glavu mkononi. Hakumwuliza majibu, aliyaona usoni.

"Utalala tena, Injinia?"

Subilaga akalala. Hakukuwa na haja ya kueleza, na kijana hakutaka kuelezwa. Alimfunika miguu, akamfunua, akamfunika tena. Subilaga alifumba macho akajaribu kusikia viatu vyenye matope, koti likitundikwa, mtu mchovu akipumua mwisho wa kitanda. Alitamani kumwambia baba kwamba siku ile hakuwa amekula, wangeweza kwenda kula.

Saa sita kamili taa ya glavu ikageuka nyeupe. Mikono ya Gwakisa ilinyanyuka kutoka kwenye sinia, ikiwa tayari na kalamu, ikaenda tumboni moja kwa moja.

Kesho yake Subilaga alikaa nyuma ya kioo cha chumba cha mtihani, mbele ya kiwambo, kama kazi yake ilivyomtaka. Mgonjwa alikuwa mzee wa Rungwe mwenye ngiri, aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni, macho wazi, akitazama dari kwa hofu. Saa ya mtihani ikaanza kuhesabu.

Glavu zikamvuta Gwakisa kuelekea kisuni. Yeye akakataa. Nyuzi zilionekana zikitetemeka kwenye vifundo vya vidole vyake, zikivuta huku, naye akivuta kule, mpaka akafika mwisho wa meza. Alikunja ncha ya shuka vibaya, akaikunjua, akaikunja tena. Kisigino cha kulia, cha kushoto. Akapigapiga mara mbili.

"Ahsante, mwanangu," mzee alisema, "ingawa hiyo miguu yenyewe siisikii."

"Utaisikia baadaye, baba, ikiwa na joto."

Mzee akacheka kidogo, mabega yakashuka, na Gwakisa akarudi kuchukua kisu.

Kwenye kiwambo pakatokea maandishi: *Mwendo usiotambulika. Sekunde kumi na tatu. Futa au hifadhi?* Kumi na tatu, maana mikono hii ilikuwa ya Gwakisa mwenyewe na bado ilikuwa inajifunza. Alama zake tano zilikuwa zimeshakatwa kwa kuchelewa.

Subilaga akabonyeza Hifadhi. Penye nafasi ya jina hakuandika mwendo mfu. Aliandika: kufunika miguu. Kisha akabaki amekaa pale kitini, viatu amevivua chini ya meza, akitamani kitu kimoja tu ambacho hakuna mashine ingempa: usiku mmoja wa utoto wake, hata mmoja, aamke mapema kidogo, kabla baba hajafunga mlango.